Nyutoni Mia Nne Katika Shamba la Min Adhiambo

Siku mliponiaga pale kituoni kwa soda na mandazi, nilipostaafu, mmoja wenu aliniuliza swali nikashindwa kulijibu vizuri, nimesimama pale na kipaza sauti mkononi. Alitaka kujua ile herufi N inayotokea kwenye mashine yenu mpya ya kupimia maksai ni kitu gani hasa, maana yeye huandika tarakimu na kuipeleka ofisini bila kujua amepeleka nini. Mlicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nami nilianza hivyohivyo. Kwa hiyo nimekaa hapa kwangu Uriri, kuku wananizunguka miguuni, niwaandikie jibu kwa utulivu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Nilipanda ngazi kama wengine, na ngazi ni ngazi tu.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kituo cha kufundishia maksai nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Mlinzi wa langoni aliniangalia sketi na viatu, akaniambia kwa upole kwamba mafunzo ya ushonaji yako upande wa pili wa barabara. Nilimwambia nimekuja kupima ng'ombe. Akafungua lango polepole sana, ili nipate nafasi ya kubadili mawazo.

Aliyenipokea ni Mwalimu Obuya, mkufunzi mkuu, mtu mrefu mwenye kidole kimoja pungufu katika mkono wa kushoto. Mnyororo wa plau ulikikata alipokuwa kijana. Alinifundisha kwa subira ya mtu aliyezoea kufundisha maksai, na nasema hivyo kwa shukrani, kwa kuwa mtu anayefundisha maksai hapigi kelele na harudii kosa lako mbele ya wenzako. Tangu siku ya kwanza aliniita nyathina, yaani mwanangu. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na neno hilo lilinifanya nigeuke nijifanye natafuta kalamu.

Chombo chetu tulikiita saa. Kilikuwa kidude cha chuma cha duara, kipana kama sahani ya ugali, chenye mshale mmoja mbele, springi nzito ndani na ndoano huku na huku. Ulifungua mnyororo unaotoka kwenye nira kwenda kwenye plau, ukakipachika katikati, na maksai walipovuta, mshale ulipanda. Pembeni mwa tarakimu kulikuwa na herufi N. Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, kwa hiyo Mwalimu aliponiuliza maana yake nilimjibu bila kusita: nyutoni ni kani inayoipa tungamo ya kilo moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde kwa sekunde. Nilisema kwa pumzi moja kama mtoto wa shule ya Jumapili anayekariri amri kumi.

"Vizuri," alisema. "Sasa twende ukaione."

Alinipeleka kwenye varanda ndefu ya ghala, ambapo palikuwa na toroli iliyotiwa grisi magurudumu na kupakiwa mawe. Mawe na toroli vyote pamoja vilikuwa kilo hamsini. Alifunga mizani ya springi kwa mbele, akanipa ndoano, akaniambia nivute nikihakikisha mshale hautoki kwenye nyutoni hamsini, usipande wala usishuke. Nikaanza. Hatua za kwanza zilikuwa za mtu anayekwenda kanisani. Kisha nikaona mshale unashuka nisipoongeza mwendo, nikaongeza. Ukashuka tena, nikaongeza tena. Muda si muda nilikuwa nakimbia, sketi nimeikunja kwa mkono mmoja, mshale bado uko pale pale kwenye hamsini, na mwisho wa varanda nikajitupa juu ya magunia ya pumba huku toroli ikinifuata. Mwalimu alikuja akanisaidia kuinuka. Aliniambia hiyo ndiyo nyutoni. Kila kilo ilipata nyutoni yake moja, na kila sekunde iliyopita mwendo uliongezeka kwa mita moja kwa sekunde. Ukimsukuma mtu bila kuchoka, alisema, hatabaki na mwendo uleule, labda awepo anayemzuia.

Kisha akaniwekea kiganjani pakiti ya majani chai ya gramu mia moja. Mkono wangu, aliniambia, unaishikilia kwa nyutoni moja hivi ili isianguke. Kilo moja huvutwa na dunia kwa takriban nyutoni kumi. Tangu siku hiyo nikinunua majani chai dukani huwa nayapima kwa kiganja kwanza. Wenye duka wamenizoea.

Swali langu la siku ya pili lilikuwa la kipumbavu, na ndilo lililonifaa kuliko yote. Niliuliza saa ikiwa katikati ya mnyororo inapima nguvu ya nani, ya maksai au ya plau. Mwalimu alinipa ndoano moja, yeye akashika nyingine, tukavutana. Mshale ukaonyesha mia na kitu. Akaniambia nisimame tu nishikilie, yeye avute. Mia na kitu. Tukabadilishana. Ileile. Maksai wanavyoivuta plau, ndivyo plau inavyowavuta maksai. Saa haijui nani ameanza. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi kabla halijanitulia kichwani.

Miaka ile tulizunguka sana. Huko Ogwedhi, siku ya soko la mifugo, tulifunga sledi, yaani gari la kuburutwa lisilo na magurudumu, iliyojaa magunia ya mchanga ili watu waone maksai wao wanavuta kiasi gani. Ogwedhi watu hununua ng'ombe kwa macho: mgongo, nundu, kifua. Mfanyabiashara mmoja alileta fahali mnene ajabu, watu wakampisha kama bwana harusi. Fahali alifungwa, akaangalia sledi, akalala chini. Baada yake akaja maksai mwembamba wa mzee mmoja Mkuria, akavuta sledi ile hadi kwenye kibanda cha nyama choma. Mwenye fahali alisema yule wake ni wa kuangaliwa. Hata hivyo watu waliendelea kununua kwa macho, na sikuwalaumu, maana uzito unaonekana na kani haionekani mpaka kitu kivutwe.

Kesi ninayotaka mwijue ilitokea katikati ya miaka hiyo ya tisini, bonde la Lambwe, upande wa kuelekea Magunga. Tangu mwaka uliotangulia mbung'o walikuwa wametoka mbugani kwa wingi na ugonjwa ukawamaliza maksai. Kuna boma moja lililobaki bila hata mmoja. Mwenye boma alikwishafariki, akaacha wake wawili. Mkubwa, yule ambaye kwa Kijaluo huitwa mikayi, alikuwa Min Adhiambo, yaani mama yake Adhiambo, mama wa mabinti watupu walioolewa mbali, nyonga yake mbovu, anatembea kwa kuegemea upande. Mdogo alikuwa Min Otieno, mwenye wana wanne wakubwa na wenye mikono.

Mnajua desturi. Katika boma la Wajaluo, mikayi ndiye anayeanza kupanda. Akishatia mbegu zake, ndipo wengine wafuate. Mvua ilikuwa imeshaanza, na boma zima lilikuwa linamsubiri mwanamke asiyeweza kuinua jembe. Otieno, kijana mkubwa wa yule mke mdogo, alikuwa na suluhisho, na wala halikuwa baya kwa desturi. Mama mkubwa achimbe kona ndogo tu, atie punje chache, njia ifunguke. Wao walime shamba lao kwa jembe, kisha wakimaliza, mvua ikiwepo, waje kulima lake. Mwaka uliotangulia walikuwa wamefanya hivyo. Walipomaliza lao, mvua haikuwepo. Min Adhiambo alikula mwaka mzima kutoka ghala la mwenzake, na ingawa hakuna aliyemnyima, aliniambia kwamba alipokuwa akienda na ungo wake kuomba mahindi alikuwa akipitia nyuma ya nyumba.

Aliyekuja kutuita kituoni alikuwa Min Otieno. Sitasahau. Alikaa kwenye benchi na leso yake mabegani, akasema kwamba yeye hapandi mpaka shamba la mwenzake liwe limelimwa lote. Wanawe wamenuna, alisema, na wanune. Katika boma walikuwa wamebaki ng'ombe wawili wa maziwa wa Min Adhiambo, Silwal na Rabuor. Alitaka tuje tupime kama wanaweza kuvuta.

Kule kumfunga jike nira hakukuwa jambo la kawaida. Watu waliona ni aibu, tena waliamini maziwa yatakauka. Na Rabuor alikuwa na mimba ya miezi kadhaa. Nilimweleza Mwalimu, naye hakunikataza wala hakunituma. Alikuwa karibu kustaafu wakati huo, kifua kinamsumbua, hawezi tena safari za mashambani. Alinipa nira mbili, ya jozi na ile fupi ya mnyama mmoja, akaniambia nichukue na jino. Jino ni chuma chembamba kama kidole kikubwa kilichopinda, alichokifua mwenyewe. Unaliweka mahali pa plau, nalo halipindui udongo wote, linaupasua tu kwenye mstari wa mbegu.

Tulifika Lambwe asubuhi. Nilizungusha utepe kifuani mwa ng'ombe nikakadiria kila mmoja ana kilo mia mbili na ishirini hivi, wamekonda. Otieno na ndugu zake walikuwa wamesimama wameshika viuno.

"Madam, hii plau ni kilo thelathini na kitu," Otieno aliniambia. "Hawa wawili ni kilo mia nne na zaidi. Sasa itawashinda aje? Wafunge tu, tumalize hii maneno."

Ni hesabu ya sokoni, na kila mtu katika bonde lile angeipiga hivyohivyo. Sikubishana naye. Nilimpa ndoano ya saa, nikamwambia ainue plau juu kwa hiyo. Mshale ukasimama kwenye mia tatu na hamsini hivi, akatabasamu. Kisha tukaifunga plau nyuma ya ng'ombe, ncha ikaingia ardhini kidogo tu, udongo mweusi wa Lambwe uliolowa, na kabla hawajapiga hatua tatu mshale ulikuwa umepita elfu moja. Silwal alipiga magoti. Min Adhiambo akamshika pembe, akamwambia maneno ya chini kwa Kijaluo, na nikasimamisha kila kitu.

Nikamweleza Otieno kile nilichoelezwa mimi. Kilo inasema kitu kina wingi gani. Haisemi kitavutwa kwa kani gani. Plau ikiwa juu, unapambana na kilo zake thelathini na kitu. Ikiingia ardhini, unapambana na ardhi, na ardhi ya hapa haiachii kirahisi. Ng'ombe aliyezoeshwa huvuta kwa raha, siku nzima, kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Hawa wawili, uzito wao pamoja ukiwa nyutoni elfu nne na mia nne, wangetupa nyutoni mia nne na arobaini. Shamba lilikuwa linadai elfu moja na zaidi. Aliangalia mshale, akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kwamba basi imeshindikana.

Haikuwa imeshindikana. Hatukuweza kuwaongezea ng'ombe nguvu, lakini tuliweza kuifanya ardhi idai kidogo. Tulitoa plau tukaweka jino. Tukarefusha mnyororo, kwa sababu ukiwa mfupi ng'ombe humaliza nguvu wakiinua badala ya kuvuta. Jino likaingia kina cha kiganja, mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia kwenye mia nne. Ng'ombe wakatembea.

Min Adhiambo alikuwa ameniwekea sharti. Mshale ukipita mia nne na hamsini kwa muda, nimwambie, tusimame. "Huyu ana mtoto tumboni," alisema. "Sitaki kula mahindi yaliyomuua." Basi nikawa natembea kando ya saa, nikisoma kwa sauti, naye akichechemea mbele, mkono kwenye shingo ya Rabuor, akiwaita kwa majina. Mia nne. Mia tatu na tisini. Mia nne na ishirini. Tulikwenda hivyo mistari mingi, tukipumzika kila mwisho wa mstari, na sijawahi kufanya kazi iliyonituliza moyo kama ile.

Tulikuwa tumepita nusu ya shamba jua lilipopanda. Tukafika mahali palipokuwa na udongo mzito, kando ya kichuguu cha zamani. Mshale ukaenda mia tano, ukabaki hapo. Nilisema. Min Adhiambo hakuuliza mara mbili. Alisimamisha ng'ombe, akagusa ubavu wa Rabuor, akasikiliza pumzi yake. Kisha akamfungua nira.

"Imetosha," alisema. "Nitapanda hii nusu."

Nusu shamba kwa mwaka ni nusu ghala. Kila mtu pale alijua, na yeye kuliko wote. Na jino halivutwi na ng'ombe mmoja. Silwal peke yake angetupa nyutoni mia mbili na ishirini, labda kidogo zaidi.  Nilitamani Mwalimu angekuwepo, ingawa naye asingeweza kuongeza nyutoni hata moja.

Min Otieno alikuwa amekaa ukingoni na kibuyu cha uji. Alikiweka chini. Alisimama, akawaangalia wanawe wanne, akasema kwa Kijaluo neno ambalo kwa Kiswahili ni hili: shikeni kamba.

Hawakusogea mara moja. Mwanamume kufungwa mahali pa ng'ombe, tena jike, mchana kweupe, njia ya kwenda sokoni iko pale chini. Ndugu mmoja alimtazama Otieno. Otieno alitazama mshale. Nadhani alikuwa anapiga hesabu, na safari hii aliipiga sawasawa, maana aliniuliza polepole mtu mmoja anavuta nyutoni ngapi. Nikamwambia, kwa kazi ya kuendelea, sabini, themanini, mwenye nguvu hata tisini.

"Sisi ni wanne," alisema. Akavua shati.

Tulimvisha Silwal nira fupi. Kamba tukaifunga kwenye mnyororo mbele ya saa, wale wanne wakaishika mabegani, wawili wawili. Hatua za kwanza zilikuwa vurugu, kila mmoja na mwendo wake, mshale ukirukaruka. Min Adhiambo, aliyekuwa amerudi mbele ya Silwal, akaanza kuwaita wao pia kwa majina, kwa sauti ileile aliyowaitia ng'ombe, na mmoja akacheka, na kwa kucheka wakapata mwendo mmoja. Mshale ukatulia. Mia tano na kumi, ulitulia, na jino likapita kwenye udongo ule mzito kando ya kichuguu. Niliangalia saa kwa muda mrefu. Ng'ombe na wana wa mke mwenza walikuwa mle ndani wote pamoja, na haikuwezekana kutenga yupi ni yupi. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, nikaendelea kusoma tarakimu kwa sauti kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Watu waliopita njiani kwenda sokoni walisimama. Mmoja alipiga kelele ya utani kuhusu maksai wapya wa Lambwe. Otieno, jasho linamchuruzika, alimjibu kwamba kama ana nyutoni themanini aje, kama hana aende zake. Yule mtu hakujua ni tusi gani hilo, akaenda zake.

Jua lilipozama shamba lote lilikuwa limekwisha, nikalala kwa Min Otieno. Niliporudi kituoni nilimweleza Mwalimu yote kwa mpangilio, kina cha jino, urefu wa mnyororo, usomaji wa saa, naye alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kisha akauliza kitu kimoja tu, kama Rabuor yuko salama. Alikuwa salama. Alizaa miezi michache baadaye, ndama jike, na maziwa hayakukauka. Mwalimu alistaafu mwaka ule, na jino aliniachia mimi. Liko pale stoo, kwenye msumari nyuma ya mlango. Msiliuze kama vyuma chakavu.

Lakini kabla sijaondoka Lambwe niliiona asubuhi ya pili. Min Adhiambo aliamka mapema akatia mbegu kwenye mistari yake yote, akiinama na kuinuka, mkono mmoja kwenye nyonga, na hakutaka asaidiwe, kwa sababu mbegu za kwanza ni za mkono wa mikayi. Alipomaliza alikuja hadi mlangoni kwa mwenzake, kupitia mbele ya nyumba. Min Otieno na wanawe walikuwa wamekaa na majembe yao, mabega ya wale vijana yana alama za kamba. Alisimama pale, udongo umempaka hadi magotini.

"Nyieka," alimwambia, yaani mke mwenzangu. "Mimi nimemaliza. Fungueni shamba lenu."

Wakainuka. Naye, badala ya kurudi kwake kupumzika, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani akatangulia mbele yao kwenda shambani kwao, akichechemea. Otieno alikimbia akamfikia, akataka kumpokonya, akimwambia mguu wake hauwezi. Min Otieno akamshika mwanawe mkono.

"Mwache mama yako alime," alisema.